Bonde la Jerte kwa Baiskeli: Siku Nne, Ukuta Mmoja Kila Siku

Mto Jerte ni mfupi. Unazaliwa kwenye milima ya Gredos, magharibi mwa Hispania, unateremka kilomita 70 hivi ndani ya jimbo la Extremadura, unauzunguka mji wa Plasencia, kisha unamwaga maji yake kwenye mto Alagón, nao Alagón unayapeleka kwenye mto Tajo. Bonde lake linajulikana Hispania nzima kwa sababu ya cheri. Kuna zaidi ya miti milioni moja ya tunda hilo, imepandwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe tangu chini mtoni hadi karibu na kilele. Mwishoni mwa Machi miti hiyo ikichanua, ubavu mzima wa mlima hugeuka mweupe.

Wageni wengi huja na gari siku moja, wakapanda barabara ya chini, wakapiga picha, wakarudi Madrid jioni. Wanayaona maua, lakini bonde lenyewe hawalioni. Bonde hili ni kama mtumbwi: chini kuna nafasi ndogo, na kila kitu kizuri kiko kwenye kuta. Vijiji vimening'inia ubavuni, na ukitaka kuvifikia ni lazima upande. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao mwongozo wote huu umejengwa juu yake, ni huu: usije kulikimbia bonde kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta chumba katikati yake, kaa siku nne, na kila siku panda ukuta mmoja, ukianza na ule mpole.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye baiskeli ya barabara, anayeweza kukaa kwenye tandiko saa tatu au nne bila shida. Si lazima uwe mwanamashindano.

Lielewe bonde kabla ya kulipanda

Fungua ramani. Utaona bonde limenyooka kama limepigwa rula, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Sababu iko chini ya ardhi. Mto umefuata ufa mkubwa wa miamba unaotokea Ureno, upande wa Alentejo, na kupita Plasencia, wenye urefu unaozidi kilomita 500. Maji yalichimba pale ambapo mwamba ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Unyoofu huo utauhisi miguuni. Barabara ya chini ni moja tu, N-110, inayofuata mto kutoka Plasencia hadi kichwani mwa bonde. Ukitoka kwenye barabara hiyo kwenda kushoto au kulia, unapanda moja kwa moja, kwa sababu hakuna vilima vidogo vya kukupumzisha katikati.

Jambo la pili ni jua, na hili watu hulisahau. Ukipanda bonde kutokea Plasencia, mkono wako wa kushoto ni milima ya Tras la Sierra, ambayo uso wake unatazama kusini-mashariki. Wenyeji huuita upande huo solana, upande wa jua. Mkono wa kulia ni safu ya Tormantos, yenye uso unaotazama kaskazini-magharibi; huo wanauita umbría, upande wa kivuli. Asubuhi solana inaota jua wakati umbría bado ina umande, na majira ya baridi ina barafu. Alasiri mambo hugeuka. Ukilikumbuka hilo tu, utajua saa ya kutoka kila siku: wakati wa joto, panda ukuta ulio kivulini, wakati wa baridi, panda ulio juani.

Chagua majira

Maua hayaji siku moja bonde zima. Huanza kwenye mashamba ya chini, kisha hupanda mlima polepole, hivyo ukikuta huku chini petali zimekwisha kuanguka, ongeza mita mia tatu nne za mwinuko na utakuta miti iliyofunguka jana. Kwa gari ni usumbufu kufuatilia jambo hilo. Kwa baiskeli ndiyo kazi yenyewe. Kipindi kizima huwa kati ya nusu ya pili ya Machi na mwanzo wa Aprili, kutegemea baridi ya mwaka huo.

Lakini nakuomba sana: usije Jumamosi wala Jumapili ya maua. N-110 hujaa magari na mabasi, madereva wanatazama juu mlimani badala ya mbele, na wengine husimama ghafla kando ya barabara. Njoo Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Mei hadi Julai ni mavuno, chini kwanza na juu mwisho. Maarufu kuliko zote ni picota, aina ya cheri ambayo huchumwa bila kikonyo. Ikivutwa, kikonyo hubaki mtini. Majira haya barabara nyembamba za ubavuni zina matrekta madogo na magari ya mizigo yanayokimbilia vyama vya ushirika kabla matunda hayajaharibika. Wapishe. Hao wako kazini, na kazi ya mwaka mzima inategemea wiki chache hizo. Wala usichume tunda lolote la barabarani, hata kama tawi linakugusa helmeti. Ni shamba la mtu.

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Ukilazimika kuja wakati huo, uwe barabarani jua linapochomoza na uwe umerudi kabla ya saa sita mchana.

Ukiniuliza mimi, wakati bora ni mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Miti ya cheri hugeuka rangi ya kutu na damu ya mzee, misitu ya castaño (ule mti wenye njugu zinazochomwa na kuuzwa mitaani Ulaya wakati wa baridi) inakuwa ya manjano, hewa ni baridi ya kufurahisha, na barabara ni tupu. Saa tano nzima unaweza kupanda na kuhesabu magari kwa vidole.

Kufika na mahali pa kulala

Kutoka Madrid hadi Plasencia ni kilomita 250 hivi. Kuna treni na kuna basi. Kabla ya kukata tiketi ya treni, uliza kuhusu baiskeli kwa treni ile ile unayoichukua, kwa sababu baadhi hupokea baiskeli nzima zikiwa chache, na nyingine hutaka iwe imefunguliwa magurudumu na kuwekwa kwenye begi. Anayetoka Afrika Mashariki atahitaji viza ya Schengen. Mwenye kibali cha makazi cha nchi ya Schengen anakuja moja kwa moja.

Plasencia ni mji mzuri, lakini usiufanye kituo chako. Ukilala pale, kila asubuhi utapoteza zaidi ya kilomita 20 kwenye sehemu ya N-110 yenye magari mengi kabla ya kufikia kitu ulichokuja kukiona. Lala Cabezuela del Valle au Navaconcejo. Vijiji hivi viwili vimeachana kwa kilomita tano hivi, vyote vimejengwa kando ya mto, vina maduka, vina vyumba vya kupanga, na viko katikati ya bonde, kwa hiyo kila njia iko karibu. Hapa chini nitahesabu kutoka Cabezuela, ulio kwenye mwinuko wa mita 500 na ushee. Mitaa yake ya zamani ina nyumba za mbao na udongo zilizotoa vibaraza vya juu hadi karibu vikutane, na kuna jumba la makumbusho la cheri kwa siku ambayo mvua imekuzuia.

Baiskeli

Milima hapa si mikali kwa asilimia, ila ni mirefu. Kilomita 13 au 14 za mwinuko bila kukatika zinachosha kuliko kilima kifupi kikali. Chukua gia nyepesi: mbele meno 34 kwenye gia ndogo, nyuma hadi meno 30 au 32. Usiaibike nayo. Mtu anayezungusha pedali kwa wepesi hufika juu akiwa na nguvu za kushukia, na kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi.

Matairi ya milimita 28 yanatosha. Barabara za ubavuni ni lami, lakini ina viraka, kokoto kwenye kona, na wakati wa vuli majani mabichi yanayoteleza kama sabuni. Kabla ya safari badilisha raba za breki kama zimeisha nusu. Huku zitaisha nusu nyingine. Beba tyubu mbili, pampu, vifaa vya kufungulia tairi, na kiungo cha ziada cha mnyororo, maana Plasencia ndiko utakakopata fundi kwa uhakika.

Beba pia koti jembamba la kuzuia upepo na glavu za vidole vyote, hata kama chini kuna joto la kuvaa shati. Mwaka mmoja, Aprili, nilishuka kutoka mita 1,440 bila glavu. Nilipofika nusu ya mteremko vidole vilikuwa vimekufa ganzi kiasi kwamba sikuweza kujua nimekamata breki kwa nguvu gani. Nilisimama, nikaweka mikono kwapani robo saa nzima. Tangu siku hiyo glavu hukaa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, kila safari.

Sheria za barabara

Hispania huendesha kulia. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi hatahisi tofauti. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda ajichunge hasa anapoanza safari asubuhi na anapotoka kwenye maegesho, kwani hapo ndipo mwili hurudia mazoea. Ukikodi baiskeli, jaribu breki kabla ya kuondoka: Hispania kwa kawaida mkono wa kushoto hukamata gurudumu la mbele.

Helmeti ni lazima nje ya miji. Vipokea sauti masikioni ni marufuku. Kuendesha wawili sambamba kunaruhusiwa, lakini kwenye kona zisizoonekana mbele mnapangana mmoja mmoja. Gari linalowapita linatakiwa kuacha nafasi ya angalau mita moja na nusu, na madereva wengi wa vijijini huheshimu hilo. Wengine husubiri nyuma yako kona tatu nne bila kupiga honi. Ukiona hivyo, sogea kidogo na uinue mkono kushukuru. Kipimo cha ulevi kinamhusu pia mwendesha baiskeli. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kwanza: kichwani mwa bonde

Anza na Puerto de Tornavacas. Neno puerto ni lile lile Wahispania wanalotumia kwa bandari, lakini mlimani maana yake ni mahali barabara inapovuka mgongo wa safu. Ni bandari ya nchi kavu: umetoka bahari moja ya mabonde, unaingia nyingine.

Kutoka Cabezuela unafuata N-110 kupanda mto. Hadi kijiji cha Jerte unapasha misuli moto tu. Kijiji hiki kilichomwa na majeshi ya Napoleon mwaka 1809, na nyumba nyingi unazoziona zilijengwa baadaye. Baada yake barabara inaanza kuinuka hadi Tornavacas, kijiji cha mwisho, kwenye mita 870 hivi. Jaza chupa hapa, kwani mbele hakuna duka.

Kutoka Tornavacas hadi juu unaongeza mita 400 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia tano hivi. Barabara ni pana, kona zake ni kubwa, na lami ni nzuri. Ndiyo maana nimeiweka siku ya kwanza: unaweza kutafuta mwendo wako wa kupandia bila kupigana na chochote. Pumua kwa pua ukiweza. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, umekwenda kasi mno kwa mtu mwenye siku tatu zaidi mbele.

Juu ni mita 1,274. Geuka nyuma, simama penye sehemu ya kutazamia. Bonde lote linaonekana kwa mkupuo mmoja, likienda likififia hadi Plasencia, na ule unyoofu wa ufa niliousema unauona kwa macho yako. Upande wa pili ni jimbo la Castilla y León, mkoa wa Ávila. Mvua ikinyesha juu ya mgongo huu, tone linaloanguka upande wako linaishia mto Tajo na kuingia baharini Lisbon. La upande wa pili linafuata Tormes na Duero hadi Porto.

Kwenda na kurudi hazifiki kilomita 40. Kurudi ni kuteremka tupu. Ukifika Jerte mapema, iache baiskeli mahali salama, vaa viatu vya kawaida na utembee hadi Los Pilones, ndani ya hifadhi ya Garganta de los Infiernos. Maji yamechimba mabakuli ya mviringo kwenye mwamba wa graniti, moja likimwagia lingine. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi kwa miguu. Viatu vya baiskeli vyenye vyuma chini usivijaribu pale.

Siku ya pili: roshani ya jua

Siku hii ni ya kutazama. Teremka N-110 hadi njia panda ya Rebollar, panda hadi kijijini, kisha fuata barabara nyembamba ya ubavuni hadi El Torno, halafu shuka hadi N-110 na kurudi juu Cabezuela. Jumla ni karibu kilomita 50.

Jina la Rebollar limetokana na rebollo, aina ya mwaloni unaoota huku. Nyumba zimejengwa juu ya majabali ya graniti kama zimeoteana. Kutoka hapo kwenda El Torno uko katikati ya mashamba: matuta juu yako, matuta chini yako, na ng'ambo ya mto ukuta mzima wa umbría umesimama mbele yako. Tazama vizuri, kwa sababu kesho utaupanda. Utaiona hata barabara yenyewe ikijipinda kuelekea Piornal.

Karibu na El Torno kuna mahali panapoitwa Mirador de la Memoria. Sanamu nne za watu walio uchi zimesimama zikilitazama bonde, kazi ya msanii Francisco Cedenilla, kuwakumbuka waliosahauliwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na udikteta uliofuata. Muda mfupi baada ya kuzinduliwa mwaka 2009, mtu au watu walizipiga risasi. Msanii aliamua matundu yabaki, kwa kuwa nayo sasa ni sehemu ya habari. Shuka kwenye baiskeli hapa. Usipite ukiwa kwenye tandiko.

Mteremko wa kutoka El Torno una kona za kufunga. Breki kabla ya kona, si ndani yake.

Siku ya tatu: Piornal

Piornal ndicho kijiji kilicho juu kuliko vyote Extremadura, mita 1,175 hivi. Tarehe 8 Septemba 2022 hatua ya 18 ya Vuelta a España, mashindano makuu ya baiskeli ya Hispania, ilianzia Trujillo na kumalizikia hapa. Mholanzi Robert Gesink alikuwa mbele peke yake, na mita chache kabla ya mstari Remco Evenepoel, akiwa amevaa jezi nyekundu ya kiongozi, akampita na kushinda. Siku tatu baadaye Evenepoel alitwaa Vuelta yote, Mbelgiji wa kwanza kushinda mojawapo ya mashindano makuu matatu ya wiki tatu tangu 1978.

Wewe huna haja ya kumfukuza mtu. Teremka hadi njia panda ya Valdastillas, kilomita kumi hivi, ukaanze kupanda hapo. Kutoka barabara kuu hadi Piornal ni kama kilomita 13, wastani wake ni asilimia tano na nusu. Huo ni mwinuko wa kusawazisha pumzi: haukupi kilomita ya kukuvunja, lakini haukupi pia mahali pa kuacha kukanyaga. Ugawanye hivi. Hadi Valdastillas, nenda polepole kuliko unavyotaka. Katikati, tafuta mdundo mmoja na ushikilie. Mwisho, miti ya cheri ikianza kupungua na mialoni kuchukua nafasi, kula kitu kidogo, kwa sababu njaa ya mlimani haipigi hodi.

Kati ya Valdastillas na Piornal kuna kibao cha maporomoko ya Caozo. Majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka, yana maji ya kutosha kukulowesha ukisogea. Nenda wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Ukikatisha mdundo wa mguu ulio moto utaulipia.

Piornal penyewe ni kijiji cha baridi na cha watu wakakamavu. Kila Januari 19 na 20 mtu mmoja huvaa vazi la vitambaa vya rangi na kinyago chenye pembe, akawa Jarramplas, akapita mitaani akipiga ngoma huku watu wakimrushia turnipsi, mboga za mizizi, kwa maelfu ya kilo. Kwa wenyeji kuvaa vazi lile ni heshima inayosubiriwa miaka mingi.

Kama miguu bado iko hai, vuka ng'ambo na ushuke kwenye msitu hadi Garganta la Olla, kijiji cha eneo jirani la La Vera, panakotoka ile paprika (pilipili nyekundu ya unga) inayokaushwa kwa moshi wa mialoni. Mbele kidogo ni Cuacos na monasteri ya Yuste, alikofia Kaisari Carlos wa Tano tarehe 21 Septemba 1558. Miaka miwili kabla, Novemba 1556, alikuwa amefika Tornavacas akiugua jongo, akabebwa na watu kuvuka mlima hadi Jarandilla. Kumbuka tu kwamba ukishuka upande huo, kurudi Cabezuela siku hiyo hiyo ni kupanda tena mgongo mzima. Fanya hivyo kama siku ni ndefu na umetoka mapema. Vinginevyo rudi kutoka Piornal, na siku yako itakuwa kilomita 46 hivi.

Siku ya nne: Honduras

Huu ndio mlima niliokuwa nakuandalia miguu. Puerto de Honduras, mita 1,440, ndio unaolitenganisha bonde la Jerte na bonde la Ambroz. Barabara yake inaachana na N-110 ukishatoka Cabezuela kuelekea Jerte, na kutoka hapo unapanda mita 900 hivi ndani ya kilomita kama 14. Chukua maji chupa mbili zilizojaa na chakula cha njia nzima. Hakuna kijiji, hakuna duka, na simu sehemu nyingine haishiki.

Kabla ya kutoka, uliza mwenye nyumba au mtu wa baa: ¿Está abierto el puerto? Yaani, njia ya mlima iko wazi? Majira ya baridi theluji huifunga. Agosti 2025 moto mkubwa ulioanzia Jarilla uliunguza misitu ya milima hii kati ya Ambroz na Jerte. Mlima ulioungua hauna mizizi ya kushika udongo, hivyo baada ya mvua kubwa tarajia mawe na tope barabarani, hata mahali ambapo lami ilikuwa safi jana.

Ukuta huu ni solana. Asubuhi ya joto jua litakuwa mgongoni mwako mara tu linapochomoza, kwa hiyo wakati wa kiangazi uwe umeanza kupanda kabla ya saa moja asubuhi. Theluthi ya kwanza ni kona juu ya kona ndani ya mashamba ya cheri, na kila kona inakupa bonde jipya chini yako. Kisha mashamba yanaisha, ukuta wa mawe wa mwisho unabaki nyuma, na unaingia kwenye nyasi na vichaka. Barabara inakuwa nyembamba kiasi cha gari moja na nusu. Hapo juu ng'ombe na mbuzi hutembea bila mchungaji karibu. Ukiwakuta wamelala kwenye lami, punguza mwendo, ongea kwa sauti ya kawaida, wape muda wa kuinuka. Ukija kimya kwa kasi watashtuka, na ng'ombe aliyeshtuka hachagui upande wa kukimbilia.

Juu, vaa koti na glavu kabla hujapata baridi. Mteremko wa kwenda Hervás, mji wa bonde la Ambroz, unakuingiza kwenye misitu ya castaño. Vuli, maganda yenye miiba ya njugu zake hutapakaa barabarani na yanaweza kutoboa tairi, basi kaa kwenye mstari wa magurudumu ya magari. Hervás wenyewe una mtaa wa kale wa Wayahudi, vichochoro vinavyoshuka hadi mtoni. Pumzika hapa, kula.

Kurudi una njia mbili. Aliye na nguvu anapanda Honduras tena kutoka upande huu. Mwingine ashuke hadi N-630, barabara ya zamani ambayo magari mengi yameiacha tangu A-66 ilipojengwa sambamba nayo, na kuifuata hadi Plasencia, kilomita 45 hivi. Reli ya zamani ya eneo hili nayo imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli, lakini sehemu kubwa si lami. Kwa matairi myembamba N-630 ni bora. Ukirudi hadi Cabezuela, mzunguko mzima ni kilomita 110 hivi.

Kula na kunywa

Mazoea ya saa huku yatakutesa usipojipanga. Chakula cha mchana ni kati ya saa nane na saa kumi alasiri; kabla na baada ya hapo jiko limefungwa. Maduka mengi nayo hufunga mchana hadi saa kumi na moja jioni. Nunua mkate, ndizi na maji asubuhi.

Nyama ya nguruwe iko karibu katika kila kitu: hata migas, makombo ya mkate yanayokaangwa, huwa na vipande vyake, na maharagwe hupikwa na soseji. Asiyekula aseme mapema sin cerdo, na aulize kilichokaangiwa. Kilicho salama na kinachoshibisha ni tortilla de patatas, mayai na viazi kwenye kikaango kimoja, ndugu wa chipsi mayai. 

Chemchemi za vijijini zina maji mazuri, ila soma kibao: agua potable ni ya kunywa, no potable siyo.

Ukiweza, panga siku ya kuondoka iwe Jumanne. Uwanja mkuu wa Plasencia, mji ulioanzishwa na mfalme Alfonso wa Nane mwaka 1186, huwa na soko siku hiyo tangu enzi hizo, na wakulima wa bonde hushusha kile kilichoiva wiki hiyo. Juni utapata picota za asubuhi ileile. Nunua kilo moja kwa ajili ya treni.